Dakika ya Kumi na Moja

Ijumaa usiku saluni ya Masinjila, Chang'ombe,
hainyoi mtu. Mashine zimetundikwa msumarini,
kiti cha kuzunguka amekikalia Sechelela,
bado na sare za wodini, viatu mkononi,
na kesi ni ileile ya wiki iliyopita:
katika nyimbo ndefu za Kiangazi Kirefu
upi ni mrefu kwa haki, na upi umerefushwa tu
kama uji wa mgeni wa ghafla?

Ijengo, mwalimu wa hesabu, mtu wa Kondoa,
anasimama na "Reli Haina Kona."
Dakika kumi na tisa, anasema, na mapigo ni saba,
saba mwanzo mwisho, hayajikwai hata mara moja.
Anayagonga juu ya kopo la poda tuyasikie.
Tunayasikia, tunapotea kwenye la tano,
yeye anatungoja ng'ambo kama mtu aliyekwisha kuvuka korongo.

Masinjila hataki hesabu.
Yeye ni "Zabibu za Mbabala," hasa pale mwishoni
gitaa linapokoroma kama trekta la kukodi
lisilotaka kuwaka, likawaka,
halafu likaenda zake bila dereva.
"Wimbo mfupi unakupa maji," anasema.
"Mrefu unakupeleka kisimani na ndoo yako."
Tunamwambia hiyo kaisoma nyuma ya lori.
Anaapa kaitunga mwenyewe, asubuhi, akimnyoa diwani.

Sechelela anangoja wachoke.
Halafu, taratibu, kama anayetaja dozi:
"Mnada wa Msalato."
Chumba kinatulia, maana wote tunajua anakokwenda:
dakika ya kumi na moja,
magitaa yanapokatika ghafla, yote, kinanda nacho,
ikabaki ilimba ya Chidumizi
dakika nne na ushee,
inatembea gizani kwa vidole gumba viwili
ikipapasa ukuta,
hadi gitaa linaporudi na kupiga yowe.

"Ule ni ujasiri," anasema Sechelela.
"Kuzima kila kitu katikati ya safari.
Nani mwingine angethubutu?"
Ijengo anasema ni mauti, kisha ufufuo.
Masinjila anasema ni kiangazi, kisha mvua,
ndiyo maana ya jina la bendi, hamkuliona?
Wananigeukia. "Na wewe, Malogo?"

Mimi nasema "Reli Haina Kona."
Kila Ijumaa nasema hivyo, nao kila Ijumaa
wananihurumia kama kiziwi.

Sijawaambia.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa jirani,
nikishinda mlangoni pa ghala walimorekodia
kule Kizota, na luku ilipoanza kulia
walinipa elfu tano: kimbia, dakika kumi uwe hapa.
Wao wakaanza bila kungoja.
Nilikimbia. Nikapata tarakimu zote ishirini
kwenye karatasi laini kama ganda la kitunguu.
Wakati wa kurudi treni ya mizigo ilikuwa inapita.
Siwezi kusema ilinizuia. Kalavati lilikuwepo pale chini,
watoto wote tulilipita.
Nilitaka tu kujua mabehewa ni mangapi.

Arobaini na matatu.

Nilipofika, ndani giza,
mashine ya kurekodi bado inameza kwa betri yake,
wengine wamesimama na magitaa yaliyokufa kifuani,
na Chidumizi hakuwa ameacha. Hakuniangalia.
Nikabonyeza namba moja moja, nikakosea, nikarudia,
ilimba ikinisubiri.

Tulimzika Hombolo mwaka juzi.
Hakuna wimbo mwingine aliopiga peke yake.

Masinjila anafungulia tena, toka mwanzo.
Inapokaribia dakika ya kumi na moja
natazama sakafu, nywele za watu wa leo
hazijafagiliwa,
na magitaa yanazimika,
na mimi nasimama tena kando ya reli, karatasi mkononi,
behewa la kwanza, la pili, la tatu,
nisifike haraka.